Cheni ya Pikipiki Namba Kumi na Saba

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Waliosema hivyo bila shaka walikuwa wamewachunguza wenye vyeo. Maana yake ni kwamba mtu haoni ubaya wa jambo likimchoma mwenzake, hata hulicheka. Ncha ya mkuki huohuo ikimgeukia yeye, hupiga yowe mtaa mzima ukasikia. Katika nchi ya Saudia nguruwe hafugwi wala haliwi. Lakini mkuki wake upo, tena umenolewa, na wanaochomwa nao wana miguu miwili.

Ilikuwa miaka ile ya mabadiliko. Wanawake walikuwa wameanza kuendesha magari, sinema zimefunguliwa, na simu zinaimba kila kukicha kwamba mfanyakazi naye sasa ana haki zake. Haki hizo hazikuwa zimefika katika ua mmoja wa kusini mwa Jeddah, karibu na mtaa wa Karantina, ambako madereva saba wa pikipiki, Wakenya watupu, walichukua vyakula na vifurushi kila asubuhi kuvitawanya mjini.

Mmoja wao alikuwa Absalom, mtu wa Kimilili, aliyepewa pikipiki namba kumi na saba. Cheni ya pikipiki hiyo ilikuwa imelegea kama mkufu kwenye shingo ya bibi kizee. Ukiivuta kwa kidole kule nyuma ya gurudumu lake la meno, ilinyanyuka kwenye meno hayo ukaona mwanga wa upande wa pili. Meno yenyewe yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama meno ya papa. Nati za kukazia zilikuwa zimefika alama ya mwisho, hapana pa kukaza tena. Absalom alikuwa ameendesha na kutengeneza bodaboda miaka tisa, na alijua kwamba cheni ya namna hiyo haipigi hodi. Hukatika, ikajisokota kwenye gurudumu, gurudumu likafunga, na aliyepanda akaruka kama punje ya mahindi kwenye kikaango. Katika barabara ya Madina, ambako lori likikupita upepo wake peke yake unakuyumbisha, mtu haanguki mara mbili.

Naye hakuwa na ruhusa ya kufa. Mkewe, Rael, alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma katika hospitali moja ya nyumbani. Dawa ilikuwapo. Ilikuwa ndani ya stoo, stoo ina kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda semina. Absalom aliuangalia mlango ule tangu saa mbili asubuhi mpaka mke wake alipokata roho, na tangu siku hiyo hakuweza kumwona mtu mwenye funguo bila damu kumchemka. Binti yao, Nekesa, mwenye miaka minane, alikuwa amebaki na mzazi mmoja. Mzazi huyo ndiye aliyekuwa akikaa juu ya cheni ile.

Mwenye funguo wa Jeddah aliitwa Frankline. Walikuja na ndege moja, wakalala chumba kimoja Karantina, wakala sufuria moja. Kisha Frankline akafanywa msimamizi, na shati lake likawa jeupe. Shingoni alivaa ufunguo wa kabati la chuma lililokuwa pembeni mwa ua. Ndani ya kabati mlikuwa na spana za kila saizi, kifaa cha kusukumia pini za cheni, na maboksi mapya yenye cheni pamoja na magurudumu yake ya meno. Absalom aliyaona siku moja mlango ulipoachwa wazi kidogo. Aliyahesabu kwa macho: saba.

"Frankline," alisema siku hiyohiyo, "cheni yangu imekwisha. Njoo uitazame."

"Absa, wacha kiherehere. Hiyo iko sawa, tia oili."

"Oili haioteshi meno."

"Sheria unaijua. Hapa hakuna kushika spana bila ruhusa ya makao makuu Riyadh. Nitawatumia picha, wakikubali nitakuambia."

"Ulisema hivyo mwezi jana."

"Basi ngoja na mwezi huu. Kwani wewe ndiye wa kwanza kupanda pikipiki inayopiga kelele? Mwanamume mzima unaogopa cheni!"

Wafula, kijana aliyependa mizaha kuliko chakula, alikuwa akifuta kioo cha pikipiki yake. "Bosi, hata yangu ishaanza kuimba," alisema. "Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote inatoa peke yake. Tuifungulie kanisa?"

Wenzake waliangua kicheko. Frankline naye alicheka. Ndicho kilichomuudhi Absalom zaidi, kwamba alicheka.

Alipoona huyu ametia pamba masikioni, Absalom alipiga moyo konde. Siku yake ya mapumziko alizunguka kwa wauza vyuma chakavu tangu asubuhi. Mwanzoni walimpa nyundo na msumari, kama wanavyofanya mafundi wa njaa: unagonga pini kwa msumari mpaka itoke. Alikataa. Pini ya kugongwa hupinda, na iliyopinda hukatika kabla ya ile kuukuu. Mwishowe mzee mmoja wa Kiyemeni alimtolea kifaa chenyewe cha kusukumia pini, kina kutu lakini kizima, pamoja na spana mbili. Absalom alivifunga ndani ya fulana kama mtu aliyebeba yai. Cheni angenunua Ijumaa iliyofuata.

Ijumaa hiyo haikufika. Frankline alivikuta vile vyuma chini ya kitanda, akavitia kabatini, akafunga.

"Nikikuona na spana tena, naandika kwamba unaharibu mali ya kampuni," alisema. "Na ikama yako, kibali cha kukaa nchi hii, inakwisha mwezi ujao. Nani atakusongezea? Mama yako?"

Absalom alimeza mate machungu kama shubiri. Mikono ilimwasha. Lakini alimkumbuka Nekesa, akaishusha.

Siku ya nne baada ya hapo, cheni ilikatika. Haikuwa ya Absalom. Ilikuwa ya Wafula, saa nne asubuhi, katika barabara ya Madina, naye amebeba boksi la wali wa watu. Gurudumu lilifunga, pikipiki ikamlalia, na gari la nyuma likapita juu ya mguu wake wa kulia. Absalom alimkuta kwenye lami, uso umempauka, akijaribu bado kutania.

"Mzee," alisema, "kwaya imevunjika." Kisha akazirai.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Frankline aliandika ripoti kwa mwandiko mzuri: dereva alikuwa anakwenda kasi. Pikipiki iliyopondeka aliamuru iegemezwe ukutani, uso wake ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Cheni iliyokatika haikutajwa popote. Alipoulizwa kuhusu cheni za waliobaki, alijibu kwamba ajali ni kudra ya Mungu. Watu wa namna hii humkumbuka Mungu pale tu wanapotaka kumsingizia.

Wiki mbili baadaye mudiri, yaani mkurugenzi, alikuja kutoka makao makuu ya Riyadh. Alishuka garini asubuhi akinukia udi, akamkumbatia Frankline mbele ya wote.

"Mashallah, Frankline! Matawi mengine kila siku, nataka hiki, nataka kile. Jeddah mwaka mzima haijaomba hata nati moja, na vipuri tulivyoipa bado vizima. Nataka mtu kama wewe ofisini Riyadh."

Frankline alitabasamu mpaka jino la mwisho likaonekana. Absalom alisimama kama aliyepigwa na radi. Hata nati moja! Basi hakuna picha iliyotumwa. Hakuna ruhusa iliyoombwa. Mguu wa Wafula ulikuwa umeuzwa kwa kiti cha ofisini Riyadh.

Mudiri akaendelea. Riyadh walikuwa wameleta utaratibu mpya: kila msimamizi, kabla ya kupanda cheo, apande pikipiki siku moja pamoja na madereva wake, apigwe picha, watu waone kwamba kampuni imebadilika. Alizipitia macho pikipiki zilizopangwa, akanyoosha kidole.

"Hii. Namba kumi na saba. Baada ya Alasiri, wewe na mimi, barabara ya Madina. Mimi nitakufuata na gari, nitapiga picha. Yalla!"

Tabasamu la Frankline lilizimika kama kibatari kilichopulizwa. Mudiri alipoondoka tu kwenda hotelini, msimamizi yule aliuvua ufunguo wa shingoni, akalifungua kabati wazi, mbele ya watu, akatoa boksi na spana.

"Absa, ndugu yangu, haraka. Badilisha hii cheni."

Absalom alivuta hatua moja mbele.

"Nani amekuambia imekwisha?"

"Absa, wacha maneno."

"Nauliza. Si iko sawa? Si ni ya kutia oili? Nani amekuambia leo, wakati hata hujainama kuiangalia?"

Frankline alimsukumia boksi kifuani. Jasho lilimtiririka, na hakukuwa na jua pale aliposimama.

"Ulijua," Absalom alisema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Siku zote ulijua! Ulijua ya Wafula, ukacheka. Unajua cheni mbovu inamfanya nini mtu, ndiyo maana hutaki ikufanye wewe. Mguu wako ni nyama, wa Wafula ulikuwa kuni?"

"Nitaisongeza ikama yako. Leo hii. Tafadhali."

"Toa maboksi yote."

"Yote? Riyadh watasema..."

"Yote, Frankline! Tutaanza na za hawa watu watano. Yako itakuwa ya mwisho. Na wewe ndiye utakayeshika magurudumu. Ukikataa, Madina iko kule, na pikipiki ndiyo hiyo, ina mafuta."

Madereva wengine walivua kofia zao za chuma, wakaziweka chini. Frankline aliwatazama mmoja mmoja, hakuona wa kumtetea. Alipiga magoti mavumbini na shati lake jeupe.

Kazi ikaanza. Absalom alilegeza ekseli, akasukuma pini kwa kifaa chake, akatoa cheni kuukuu pamoja na magurudumu yake yote mawili ya meno, la mbele na la nyuma, maana cheni mpya juu ya meno ya zamani huliwa kabla ya mwezi kuisha. Aliangalia kila klipu ya kufungia cheni, mdomo wake uelekee nyuma ya mwendo, isije ikaruka. Hakuharakisha. Hasira yake ilikuwa juu ya mtu, haikuwa juu ya chuma. Walipomaliza ya sita, namba kumi na saba, adhana ya Alasiri ilikuwa imekwisha kulia, na boksi moja lilikuwa limebaki chini bila mwenyewe.

Mudiri alirudi, akamwona Frankline amejaa grisi mpaka kwenye nyusi. "Mashallah! Msimamizi anafanya kazi na watu wake!" Akapiga picha tatu.

"Bosi," Absalom alisema, akilinyanyua lile boksi, "hili ni la Wafula. Lilikuwa ndani ya kabati hili siku aliyokatwa mguu. Yote yalikuwamo."

Mudiri alilitazama boksi, akamtazama Frankline, akatazama saa. "Halas, yatosha. Leo siku njema, usiiharibu." Akaingia garini.

Frankline aliipanda ile pikipiki. Cheni ilikuwa mpya, haina hata sauti, lakini alikwenda barabara ya Madina kama anayekanyaga mayai, mpaka akarudi. Baada ya mwezi alihamishiwa Riyadh, ofisi yenye kiyoyozi. Wafula alirudishwa nyumbani kwa ndege, kiatu kimoja mguuni na kimoja kwenye begi. Absalom alibaki Jeddah, mzima, ikama yake imesongezwa, akimpigia simu Nekesa kila jioni. Wenye vyeo wanajua maumivu vizuri kuliko wanavyokubali kusema. Ila huyajua yanapokuwa yao tu, kwa maana mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.