Mashine Iliyonyamaza Katikati ya Ziwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, kwa maana watoto waliozaliwa mwaka ule bado hawajang'oka meno ya utotoni, palikuwa na kisiwa kiitwacho Ibuzi katika Ziwa Viktoria. Kisiwa hicho kilikuwa na boti moja ya watu wote, boti ilikuwa na mashine moja, na nyuma ya mashine alikaa mtu mmoja, jina lake Bigambo. Mgonjwa akizidiwa, Bigambo. Mwalimu akihamishwa, Bigambo. Maiti ikirudishwa nyumbani kutoka ng'ambo, ni Bigambo huyohuyo.

Kisiwani hapo aliishi mwanamke aitwaye Nyanjura, mpika mandazi, pamoja na mama yake mzazi. Asubuhi moja mama alibanwa na kifua, pumzi ikawa inatoka kwa shida na kuingia kwa shida zaidi. Walimpakia kwenye boti, kichwa chake juu ya mapaja ya bintiye, wakaelekea hospitali ng'ambo. Walipofika pale ambapo kisiwa nyuma kimebaki mstari mwembamba na ng'ambo mbele nayo ni mstari vilevile, mashine ikalia sauti nyembamba, ikatetemeka, ikanyamaza.

Bigambo akavuta kamba ya kuwashia. Kamba haikuja. Akaweka mguu, akavuta kwa mwili mzima, kamba ikawa kama imefungwa kwenye mwamba. Wakashika makasia, wakapiga mpaka viganja vikachubuka. Boti nyingine ilipowaona na kuwakokota, mama alikuwa amekwisha kata roho.

Siku ya maziko Nyanjura alisimama kando ya kaburi akasema mbele ya watu kwamba Bigambo ndiye aliyemuua mama yake. Alisema ameigongesha mashine kwenye mawe kwa uzembe, kwamba anaendesha boti ya watu kama anasukuma toroli. Bigambo aliinamisha kichwa, hakujibu neno. Tangu siku hiyo boti ikakabidhiwa mtu wa makasia, na mke wa Bigambo akawa akienda kuchota maji anachota peke yake.

Mtu aliyekwisha pata wa kumlaumu hulala. Nyanjura hakulala. Alikaa akainuka, akatoka akarudi, akakanda unga wa mandazi akausahau mpaka ukachacha. Mwishowe akawaomba vijana waibebe ile mashine hadi uani kwake, wakaifunga kwenye gogo la kupasulia kuni. Akaazima spana kwa mwenye mashine ya kusaga, akaketi chini mbele yake.

Shangazi yake, Nyabise, aliyekuja kukaa naye msibani, akamjia hapo uani.

"Unatafuta nini humo, mwanangu? Mama yako hayumo humo."

Nyanjura alijibu kwamba anatafuta kosa. Anataka kuliona kwa macho yake, ili siku ya kuanua tanga amtaje Bigambo kwa moyo safi. Maana Ibuzi walikuwa na desturi yao. Siku ya kuanua tanga wafiwa hutandika mkeka na kupakua chakula, na kama kifo kilikuwa na mkono wa mtu, mwenye msiba hutaja jina. Jina moja, si mawili. Aliyetajwa hali chakula kile, wala haketi tena mkeka mmoja na ukoo huo. Na kama mkono wa mtu upo na jina halikutajwa, tanga halianuki, msiba unabaki ndani ya nyumba kama moshi.

Basi Nyanjura akaanza. Hakujua lolote juu ya mashine. Alijua jiko, alijua karai, alijua moto ukizidi na moto ukipungua. Akapanda jiwe kubwa la upande wa magharibi, mahali pekee ambapo simu ilishika mtandao, akampigia fundi mmoja wa mjini ambaye namba yake alikuwa amepewa, akamweleza. Fundi alimwambia asiivute kamba kwa nguvu, atavunja kilichobaki. Aanze nje aende ndani, na kila kitu akitoe kwenye mashaka kimoja kimoja.

Akaanza na pangaboi, lile linalozunguka majini kusukuma boti, kwa sababu ndilo hugonga mawe kwanza. Akaweka gia katikati, akalisukuma kwa kidole. Likazunguka kwa wepesi. Akapapasa mabawa yake moja baada ya jingine: hayakuwa na pengo wala mkunjo. Mashine haikuwa imegonga jiwe lolote. Nyanjura akakaa na mkono kwenye bawa lile laini, maana alilolisema makaburini lilikuwa uongo, na watu wote walikuwa wameliamini.

"Basi acha," akasema Nyabise.

Hakuacha. Akafungua kifuniko cha juu, akaitoa ile kamba na sahani yake; peke yake ilivutika na kurudi vizuri tu. Kwa hiyo haikuwa kamba. Akashika gurudumu zito lililo chini yake, lile mafundi wanaloliita flaiwili, akalizungusha kwa mikono miwili. Halikutikisika. Akachomoa plagi za kuwashia, akitarajia maji ya ziwa yaliyoingia ndani yatoke. Hayakutoka. Bolti moja ilimkatikia, na springi ndogo ikaruka majanini. Alitambaa akiitafuta mpaka magoti yakatoka damu, asiipate. Akarudi kwenye jiwe, akapiga simu. Fundi akamwambia amimine mafuta ya taa na oili kwenye matundu ya plagi, halafu asubiri.

Kusubiri ndiko kulikomshinda. Kila alipopita aliligusa gurudumu. Akienda kuchota maji, analigusa. Akirudi, analigusa. Watu waliokuja kumpa pole walimkuta mikono myeusi, anawaitikia huku macho yakiwa uani. Siku moja alipoligonga kwa kipande cha mti, likatoa mlio wa kukwaruza, likasogea upana wa ukucha. Akalirudisha, akalisogeza, akalirudisha. Hatimaye likazunguka, kwa shida, likilalamika.

Akafungua kichwa cha mashine, akaona. Pistoni zilikuwa zimekwaruzika pande zote, mistari mirefu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Akamweleza fundi.

Fundi akasema mashine imenoki, yaani imeshikana ndani kwa joto, na kwamba michubuko kama hiyo huletwa na moja kati ya mawili: ama oili ilikuwa kidogo kwenye petroli, ama maji ya kupoza hayakupanda. Kwa macho yake Nyanjura, tena kwa maelezo ya simu, hawezi kujua ni lipi. Atazame yote mawili.

Akatazama. Petroli iliyobaki kwenye tangi akaidondosha juu ya karatasi ya kufungia mandazi. Ilikauka ikaacha alama ya mafuta hafifu mno, ishara kwamba oili ilikuwa kidogo. Akaenda dukani kwa Kaitira, mzee aliyekuwa akichanganya petroli na oili kwa ajili ya boti, akamwonyesha ile karatasi. Kaitira hakukana. Alisema siku ile oili ilikuwa imebaki nusu ya inayotakiwa, na Ibuzi nzima haikuwa na nyingine. Alimimina hiyo hiyo, akanyamaza.

Akarudi, akayachungulia matundu ya kuvutia maji upande wa chini wa mashine. Yalikuwa yamezibwa na mizizi ya magugu maji, imekauka kama nywele. Akamwendea Masatu, mjenzi wa mazizi, aliyekuwa ameiazima boti siku hiyohiyo alfajiri kwenda kukata matete. Masatu naye hakukana. Alikuwa amepita katikati ya magugu, na alipofika gati akakuta watu wanamwita, mgonjwa amezidiwa, lete boti upesi. Akaikabidhi kwa Bigambo kama ilivyo.

Nyanjura alirudi kwenye jiwe na majina mawili kinywani. Alimuuliza fundi, je, lipi kati ya makosa hayo mawili liliiua mashine? Fundi akasema kila moja peke yake pengine lingevumilika mpaka ng'ambo, kama ingeendeshwa polepole. Kisha akauliza swali ambalo Nyanjura hakulitegemea.

"Kwani aliyekuwa akiendesha hakuona? Mashine nzima ikitembea hukojoa maji pembeni. Ikiacha kukojoa, dereva anazima. Na haifi kimya hivihivi, mama. Inabadilika sauti kwanza. Hapo ukizima ikapoa, unaondoka tena taratibu."

Nyanjura akakata simu. Akateremka kutoka kwenye jiwe bila kutazama anakokanyaga, kwa maana alikuwa ameisikia ile sauti. Aliisikia ikibadilika. Akakumbuka mkono wa Bigambo ukienda kupunguza moto wa mashine. Akakumbuka mama yake akifumbua macho na kusema, "Mwambie asimame kidogo, mwanangu, ninywe maji." Na akakumbuka yeye mwenyewe alivyosema. Hakuwa amelisahau neno lile. Alikuwa amelipita tu kila siku, kama mtu anavyopita mlango wa mdai wake.

Akaenda kwa Bigambo. Alimkuta anashona nyavu za mtu mwingine. Akamuuliza kwa nini hakusema, siku zote hizi, hata mkewe akitengwa kisimani.

Bigambo hakuinua macho. "Ningesema nini, dada? Mfiwa hajibiwi."

Siku ya kuanua tanga ikafika. Mkeka ukatandikwa, ugali na samaki wa mchuzi vikafunikwa kwa kawa. Watu walijaa ua, wengine wamesimama karibu na ile mashine iliyofunguliwa. Nyanjura akawaeleza yote aliyoyaona, hakuficha hata moja, akawaomba wahusika waseme wenyewe.

Masatu alisimama kwanza. Akasema ni yeye aliyeiziba mashine koo. "Lakini mniambie, nilipokuta mgonjwa anasubiri gati, ningeinama kung'oa mizizi huku mwanamke anaishiwa pumzi? Mngeniita mtu?"

Kaitira akasimama kwa kujikongoja. Akasema oili aliipunguza akijua. "Ningewaambia, mngeacha kwenda? Msingeacha. Basi nikaona kusema ni kuwatia hofu bure." Mwanamke mmoja akamwambia kwamba angesema, angalau Bigambo angeendesha polepole. Mzee akakaa.

Bigambo akasimama. Watu wakasogea karibu, maana hawakuwa wamemsikia akisema tangu maziko. "Niliona imeacha kukojoa," akasema. "Nilijua maana yake. Mgonjwa anaomba, mwenye mgonjwa anaamrisha, lakini mkono unaoshika moto wa mashine ni wa nahodha. Ulikuwa wangu. Nilimhurumia huyu dada, nikaendelea. Huruma ile nisingekuwa nayo, pengine tungefika."

Kisha Nyanjura. Akasema: "Mama aliomba tusimame. Mimi ndiye niliyemwambia Bigambo asisimame. Niliogopa tukisimama tutachelewa. Kisha nikaja hapa nikamvika huyu kosa la mawe ambayo hayakuwapo."

Hapo ua ukavurugika. Wengine walisema jina ni la Masatu, bila magugu yake, maji yangepanda. Wengine wakasema hapana, Masatu na Bigambo walikosea kwa haraka, Kaitira alikosea kwa utulivu, tena akijua, na kosa la kujua ni zito. Wapagazi wa gati wakashikilia kwamba nahodha ni nahodha, angeombwa na mfalme asingefaa kukubali. Mke wa Bigambo akawauliza, kama mumewe angezima mashine na mgonjwa akafa wakati inapoa, wasingekuwa wamemtenga vilevile? Na walikuwapo waliomtazama Nyanjura mwenyewe. Mmoja akasema mwenye msiba hawezi kujitaja. Mwingine akasema hajawahi kusikia katazo hilo, ni kwamba tu hajatokea wa kujitaja. Mtu akataka litajwe jina la ugonjwa, watu wakamzomea: ugonjwa hauketi mkekani.

Jua lilikuwa linapanda. Watoto walianza kulia njaa. Shangazi Nyabise akalishika kawa, hakulifunua.

"Taja, mwanangu. Jina moja. Ukimtaja mmoja, hatakaa tena nasi maisha yake yote. Usipotaja, tanga halianuki, mama yako anaendelea kufa humu ndani kila siku."

Nyanjura akasimama mbele ya mkeka. Akamtazama Masatu, akamtazama Kaitira, akamtazama Bigambo, akatazama mikono yake. Akafungua kinywa, akataja jina moja, na aliyetajwa akaondoka bila kunawa.

Mimi jina hilo ninalijua, ila sitalitamka, kwa sababu mpaka leo Ibuzi bado wanabishana kama ndilo lililostahili. Hebu semeni ninyi mlioketi hapa: aliyeleta uchafu akiwa na haraka, aliyepunguza oili akanyamaza, aliyeona akatii, na aliyekataza kusimama kwa kumpenda mama yake. Je, ni nani aliyestahili kuinuka mkekani?