Mwatumu na Sahani za Chatu

Paukwa!

— Pakawa!

Chini ya kawa?

— Sahani!

Sahani ya nani?

— Tuambie wewe!

Nitawaambia. Lakini wewe unayetafuna pale nyuma, meza kwanza. Hadithi hii haisikilizwi mdomo ukiwa umejaa.

Hapo zamani za kale, kwenye mlima wa mawe, waliishi pimbi. Pimbi mnamjua? Kama sungura aliyenyimwa masikio. Nyumba zao zilikuwa nyufa za majabali, na mlango wa kila nyumba ulikuwa mwembamba, mwembamba, mwembamba. Wembamba huo ndio uliowalinda, maana bondeni aliishi Chatu, mnene kama kinu. Kila alipopanda kuwinda, pimbi walichomoka mbio wakaingia ndani, yeye akabaki nje analamba jiwe.

Chatu akachoka kulamba jiwe. Akageuka mkarimu. Kila ikifika sikukuu ya mwaka, siku tatu nzima, alipika, akapakua, akapeleka sahani mlango kwa mlango, kila moja na kawa lake juu.

"Kuleni, wapwa zangu, kuleni! Sikukuu ni mara moja!"

Na mila ya mlima ule ilikuwa kama yenu: sahani ya sikukuu haikataliwi, na hairudi kwa mwenyewe ikiwa tupu. Basi pimbi walikula. Siku ya tatu wakalala juani, matumbo juu. Ndipo Chatu akaja kutoa mkono wa sikukuu. Lo! Mbio milangoni!

Mwaka mmoja mama yake Mwatumu, yule pimbi wa hadithi yetu, alikimbia kama wenzake. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likakataa. Mwatumu alimvuta kutoka ndani, akavuta, akavuta. Akabaki na bangili.

Msinililie hapa. Mwatumu mwenyewe hakukaa kulia. Aliivaa ile bangili, akasema, "Mwakani nakula ngumi moja. Ikizidi ngumi, siili."

Mwaka ukazunguka. Sahani zikaja. Pilau, maandazi, halua inang'aa kwa samli. Mwatumu akachota ngumi moja ya pilau, akafunika kawa.

Wifi yake, Chausiku, akashika kiuno. "Ndiyo nini hiyo? Umekula au umeonja?"

"Nimekula."

"Unajinyima! Watu watasema kaka yangu hakulishi."

"Waseme. Midomo wanayo."

"Una kiburi, wifi."

"Ninacho. Na mlango ninao. Wewe tayari unaingia kwako ubavu ubavu, nimekuona."

Chausiku akasonya, akaendelea na andazi lake. Lakini Mwatumu aliwaza: nikinusurika peke yangu, mwaka huu nitamvuta nani?

Akatazama ile sahani. Kuikataa, haikataliwi. Kuirudisha tupu, hairudi tupu. Akacheka peke yake. Akang'oa kawa la Chatu, akaweka la kwake, akashuka nayo bondeni.

"Mjomba Chatu! Nimekuletea sikukuu."

Chatu akanusa. Akanusa tena. "Mbona kama pilau langu?"

"Ni mapishi yako, mjomba, umetufundisha. Au unaikataa?"

Atakataaje? Akameza.

Siku ya pili Mwatumu akapita milangoni. Pimbi walikuwa wameshiba mpaka macho madogo, ila kila mmoja anaona haya kuacha chakula. "Nipeni mimi," akasema, "niwarudishie kwa niaba yenu." Wakampa haraka haraka, kama watu wanaotua mzigo. Akashusha sahani zote bondeni. Chatu akatoa macho. Akameza.

Siku ya tatu hata Chausiku akaleta ya kwake. Aliinuka kwa kushika ukuta, tumbo linamuuma. "Chukua, wifi. Na usiniambie neno."

"Sisemi. Beba upande ule."

Wakashuka mlima mzima, sahani vichwani, vigelegele mbele. Sasa nisikilizeni vizuri. Chatu hali shibe kubwa kabla hajazunguka pori kutazama siafu, kwa sababu akishiba hawezi kuwakimbia. Alipoona shehena ile, akaanza kujikunjua aende kuzunguka.

Mwatumu akamkingia njia. "Unakwenda wapi, mjomba? Chakula kinapoa."

"Narudi sasa hivi, mpwa wangu."

"Tumekuja sote, na wewe unatupa kisogo? Unatudharau?"

"Hapana, lakini nimeshiba..."

"Kidogo tu! Mbona umekonda hivyo? Kula!"

Na mlima mzima ukaitikia, "Kula, mjomba, kula!"

Maneno yake mwenyewe, yamerudi na kawa juu. Chatu akameza pilau. Akameza maandazi. Akameza halua yote, samli ikamchuruzika kidevuni mpaka majanini. Pimbi wakaaga kwa adabu, wakapanda kwao.

Siafu wakasikia harufu ya samli.

Wakaja mstari mweusi, kimya. Chatu akawaona, akajiburuta kwenye shimo lake. Kichwa kikaingia. Shingo ikaingia. Tumbo likakataa.

"Mpwa wangu!" sauti ikalia chini ya ardhi. "Mwatumu! Nivute!"

Mwatumu alikuwa juu jabalini, ameketi, mkononi ana ngumi yake ya pilau. Bangili ya mama yake ikacheza alipoinua mkono. Akatafuna taratibu. Akameza.

"Pole, mjomba," akasema. "Sikukuu ni mara moja."

Mnadhani mwaka uliofuata walimwachia Mwatumu ale anavyotaka? Thubutu! Chatu hayupo, lakini Chausiku yupo.

"Ongeza kidogo, wifi. Sasa unaogopa nini?"

"Siogopi. Nimeshiba."

"Kijiko kimoja!"

"Nimeshiba, Chausiku. Tumbo hili nalijaza mimi, silijazi kwa ajili ya macho yako."

Chausiku akasonya. Mwatumu akaingia nyumbani kwake, moja kwa moja, bila kugeuka ubavu.

Na hadithi yangu nayo imepita mlangoni. Ikiwa tamu, chota ngumi moja umpelekee jirani. Ikiwa chungu, nirudishieni sahani yangu, na isije tupu.