Mpira Uliochemshwa Kabla ya Safari

"Mpira haupimwi kwa jicho, hupimwa kwa oili." Nimesema hivyo mara tu Nanzighe aliponionyesha picha ya huyo kijana wake, na nyote wajukuu zangu mmenuna kana kwamba nimekataa posa. Sijakataa kitu. Mnauliza maneno haya yametoka wapi. Yalitoka gerejini kwangu, na aliyekosea ni mimi.

Methali hii ilianza hivi.

Miaka hiyo kijiji chetu cha huku milimani Upareni kilikuwa na gari moja tu, Landrova ya Mbonea, na fundi mmoja tu, mimi babu yenu. Ukiwa fundi peke yako kichwa huvimba, na changu kilivimba vizuri. Watu walisema Senkondo akitazama spea mara moja ameijua, nami niliwaachia waendelee kusema.

Asubuhi moja Mbonea alileta gari nimbadilishie oili. Alasiri alikuwa amteremshe Nakiete hospitali, kule Same. Nakiete alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia, na muuguzi wa zahanati alikwisha sema mtoto amelala kimkingamo, lazima atolewe kwa upasuaji. Akishikwa na uchungu njiani, watatupotea wote wawili. Na mnaijua barabara yetu. Gari likizima kule msituni, hapiti mtu wa kukuambia pole.

Nikaingia chini ya gari, nikafungua nati ya kumwagia oili. Ule mpira mdogo wa mviringo unaoziba nati hiyo isivuje ulikuwa umechoka, ukanibakia mkononi vipande viwili. Duka la spea lilikuwa huko huko Same tunakotaka kwenda.

Sisi mafundi wa milimani hatukuona hiyo kuwa shida. Kikikosekana chochote cha mpira, unakata tyubu ya tairi. Tyubu ilikuwa manati, ilikuwa bawaba za mlango, ilikuwa kamba ya kufungia mzigo. Nikakata kipande kinene, nikakizungushia mkasi taratibu hadi kikawa duara safi. Hata mimi nilikipenda. Kwenye kopo langu la vikorokoro kulikuwa na mipira mingine miwili: mmoja mwekundu wa bomba la maji, mpya kabisa, na mwingine mweusi, mwembamba, umefubaa, niliouvua kwenye Landrova moja iliyokufa zamani. Huo wa mwisho niliutupa kando bila kuufikiria.

Mama yake Nakiete alikuwa amekuja kuangalia kama gari liko tayari. Yeye aliuza mafuta ya taa kwa chupa pale sokoni. Aliutazama mpira wangu, akauliza, "Fundi, huo si wa tyubu?"

"Ni wa tyubu, mama. Tazama ulivyonona."

"Mimi niliziba chupa zangu kwa mpira wa tyubu. Wiki haikwisha, vizibo vikavimba vikawa kama uji. Mafuta yaliula."

"Mama, ile ni chupa. Hii ni injini."

"Na injini si ina moto? Basi utaliwa upesi zaidi."

Mbonea akaguna. Akasema jua halimngoji mtu, tena mgonjwa yuko tayari. Nami nikasema neno ambalo hadi leo linaniaibisha: "Mama, kila mtu na kazi yake. Wewe uza mafuta."

Hakukasirika. Alikwenda mlangoni, akakaa juu ya gurudumu la akiba, akasema, "Mwanangu hapandi gari hili mpaka mpira uchemshwe. Oili ya zamani si hiyo hapo kwenye beseni? Jiko si hilo? Chemsha yote mitatu."

Nilichemsha kwa hasira, nia yangu nimwaibishe. Nikatia mipira yote kwenye sufuria kuukuu pamoja na ile oili, nikaiacha juu ya mkaa kwa muda wa kuivisha maharage. Mbonea alizunguka gari lake huku akipiga ulimi.

Nilipoitoa kwa koleo, ule wangu mzuri ulikuwa umevimba karibu mara mbili, na nilipoubonyeza ukameguka. Wa bomba ulikuwa umelegea, umepasuka ubavuni. Mweusi uliofubaa ulikuwa vile vile. Nilifuta oili, nikauvuta, ukarudi mahali pake.

Akilini niliuona msitu, niliona gari limesimama bila tone la oili, na yule binti ndani yake. Sikuweza kumtazama mama usoni.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Funga huo, twende," akajibu. "Mpira haupimwi kwa jicho, fundi. Hupimwa kwa oili."

Niliufunga, nami nikapanda nao. Mara tatu nilimsimamisha Mbonea, nikaingia chini na kupitisha kidole kwenye nati. Mara tatu kidole kilitoka kikavu. Mara ya tatu nilicheka peke yangu mavumbini, na mama naye akacheka mpaka Nakiete akamwomba aache, maana tumbo lilikuwa linamuuma kwa kucheka. Tulifika kabla jua halijatua. Kesho yake asubuhi mtoto alitolewa, akalia kwa sauti kubwa, na Nakiete akaamka salama. Sijawahi kufurahi namna ile kwa kazi ya mikono yangu.

Nanzighe, lete mkono. Huu hapa, nimeutundika kwenye msumari miaka yote hii. Ndio ule mpira wangu mzuri, ulionona. Ubonyeze uone. Sasa mwambie kijana wako aje msimu wa kuvuna tangawizi, abebe magunia pamoja nasi, anyeshewe, akosane na mjomba wako, ale chakula kilichopoa. Akibaki vile vile, nitampokea kwa mikono miwili. Na mpira huo uuweke pamoja na picha yake.

Mpira haupimwi kwa jicho, hupimwa kwa oili.