Jasho la Mgonjwa wa Kuigiza

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo. Binti mmoja alikuwa anasomea huduma ya dharura, ile kazi ya kumwahi majeruhi kabla hajafikishwa hospitali. Vitabuni alikuwa hodari. Kilichomtesa ni mikono. Ikifika zamu yake ya kumpima mtu mbele ya mwalimu, mikono humtetemeka kama ya mwenye homa, na yote aliyokariri humpotea kichwani.

Siku ya mtihani wa vitendo, mgonjwa alikuwa fundi cherehani wa jirani na chuo, baba wa makamo aliyejitolea kulala sakafuni na kuigiza. Wakampaka rangi nyekundu mguuni, wakamwambia: umegongwa na pikipiki, mguu umevunjika, ukiguswa ugune. Wanafunzi wakawa wanaingia mmoja mmoja. Wanapima, wanafunga mguu, wanatoka wakitabasamu. Yule binti yuko nje kwenye benchi, midomo inacheza kwa kukariri. Kila mlango ukifunguliwa, anashtuka.

Akaitwa. Akaingia, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kukusaidia. Unaumwa wapi?"

"Mguu," fundi akajibu. Sauti ilitoka kwa shida.

Binti akamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, akasita. Mkono ulikuwa wa baridi, tena umelowa. Akagusa paji la uso: jasho, na hali chumba chenyewe kina ubaridi. Mapigo yanakwenda, yanajikwaa, yanakwenda tena. Akajiambia, ni woga wangu huu. Wenzangu wote wamemshika huyu huyu na hakuna aliyesema neno. Nikiukatiza mtihani bure, nitachekwa mpaka nimalize chuo.

Ndugu yangu, ungekuwa wewe ungefanyaje?

"Mwalimu," akasema, "huyu baba anaumwa kweli."

"Mgonjwa wako kavunjika mguu," mwalimu akajibu bila kuinua macho. "Endelea, muda unakwisha."

Binti akaushika ule mguu. Akauachia. Akainama hadi sikioni kwa fundi.

"Baba, acha kuigiza. Niambie mimi. Una nini?"

Fundi akafumba macho, chozi likamtiririka. "Kifua, mwanangu. Tangu asubuhi kinanibana. Sikutaka kuwaharibia mtihani."

Hapo mwalimu akaruka kutoka kitini. Gari likaitwa, fundi akakimbizwa hospitali. Ulikuwa moyo. Madaktari walisema angecheleweshwa kidogo tu, wangempokea maiti. Lakini alipona, akarudi kwenye cherehani yake.

Jioni ile wanafunzi waliomtangulia binti walikusanyika, vichwa chini. Kila mmoja alikuwa amemshika yule baba, na kila mmoja alikuwa amefaulu. Wakangoja kukemewa. Mwalimu akasema, "Msijilaumu peke yenu. Rangi ya mguuni ilikuwa inafutika. Kila mwanafunzi alipotoka, mimi ndiye niliyepiga magoti nikaipaka upya. Nimemgusa mtu yule mara nyingi kuliko ninyi nyote."

Sasa niwaulize, mwalimu huyo ni nani? Tusimtafute mbali. Ni sisi, sisi wa siku nyingi humu kanisani, tunaofundisha wengine kuhurumia. Pale mlangoni tunashikana mikono kila Jumapili. "Bwana asifiwe, hamjambo?" "Hatujambo." Tunapita. Mkono tuliouacha ulikuwa wa baridi, nasi tulikuwa tunawahi kiti. Yuko dada anaimba kwaya na nyumbani hakukaliki. Yuko baba anayetoa ushuhuda mzuri na usiku halali. Wananyamaza, wasije wakatuharibia ibada. Nasi tunawasifu kwa jinsi walivyo imara!

Mungu atatuuliza tulimshika nani? Naogopa atatuuliza tulihisi nini.

Basi kabla sijasema amina, mgeukie aliye karibu nawe. Muulize hali yake. Akikwambia hajambo, usimwachie mkono. Muulize tena.