Fisi Aliyeuliza Moyo Wake

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini jikoni?

Maharage yasiyoungwa!

Ndiyo hayo hayo, wala msinikumbushe. Sogeeni. Mwajabu, hebu sogeza hiyo sahani ya kuku huko, inanitazama. Haya.

Hapo kale, kwenye kilima cha mawe matupu, palikuwa na chemchemi moja tu, na pembeni mwa chemchemi alilala Fisi. Si fisi mnayemjua nyinyi, mbavu nje. Huyu shingo ilikuwa imemezwa na mabega, na tumbo lilifika mahali kabla yake. Alikula mkia wa kondoo. Akimaliza mkia, anakula uboho. Akimaliza uboho, anakula mkia mwingine. Na kila mwezi ukiandama, nyumba moja ya pale kilimani ilimpelekea mtoto mmoja, laini. Nyumba isiyotoa mtoto, hainywi maji. Alikwisha sema hivyo, na nani wa kumbishia mwenye meno yale?

Mwezi huo zamu ikamwangukia Pimbi. Pimbi mnamjua, kanyama kadogo ka mawemawe, kanene, kutwa kuota jua. Watoto wake wawili walikwisha kwenda kwa zamu za nyuma. Alibaki na mmoja tu, Kokoto.

Mwezi uandame kesho, leo mchana Pimbi akashuka kwenda kuomba. Jua lilikuwa la utosi. Hewa juu ya mawe ilikuwa inacheza, na hata nyenje walikuwa wamenyamaza. Akamkuta Fisi amelala, mdomo unang'aa mafuta, anaota. Akasikia anasema usingizini, kwa sauti ndogo kama ya mtoto: "Natembea... natembea mpaka kule mbingu inakogusa nchi... wala sichoki..."

Na miguu yake minne ikawa inakanyaga hewa, pasa, pasa, pasa.

Pimbi akasimama pale pale. Akasahau hata kuogopa.

Fisi akazinduka. Akainuka, akapiga hatua moja, mbili, tatu. Moyo ukamgonga, du! Du-du! Du-du-du! Akaanguka, puu! Machozi yakamtoka.

"Bwana mkubwa, unalia?"

"Nani analia? Jasho hilo! Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto yupo. Lakini moyo wako unasemaje?"

Fisi akajifuta macho. Kisha akasema, "Unasema tua. Hatua tatu tu, tua! Kila mchana naota natembea, Mama Kokoto, na kila mchana naamka hapa hapa."

Pimbi akamwonea huruma. Ndiyo, akamwonea huruma, na huku anamchukia vilevile. Akachota mchuzi wa mkia wa kondoo kutoka sufuria ya Fisi, akaumwaga juu ya jiwe lililokuwa kivulini, baridi kwa maji ya chemchemi. Wakakaa wanautazama. Mchuzi ukapoa. Ukawa mweupe. Ukaganda.

"Sukuma kwa ukucha," alisema Pimbi.

Fisi akasukuma. Hauendi.

"Basi hiyo ndiyo iliyo kwenye mishipa yako, bwana mkubwa. Waganga wanaiita lehemu, mafuta yanayoganda ndani ya damu. Moyo unasukuma damu, damu haina njia. Sasa mtazame Kokoto."

Fisi akainua macho. Juu ya mwamba, Kokoto alikuwa amelala juani, manyoya yanameremeta. Mama yake alimpaka mafuta ya mbarika tangu asubuhi, kila unywele.

"Yule ni mafuta matupu," alisema Pimbi. "Ukimla leo, hata hizo hatua tatu utazitafuta."

Fisi akameza mate. Akameza tena. "Dawa?"

"Maharage ya kuchemsha. Mchicha. Mtama. Matunda ya porini. Na kila asubuhi utembee. Ukitaka kutua, usiliulize tumbo, uulize moyo. Ukisema tua, tua. Ukisema bado, nenda."

"Na mtoto?"

"Atakuwepo. Utamla ukishapona."

Asubuhi Fisi akaanza. Akaenda hatua tatu. "Moyo, nitue?" Tua! Akatua. Siku ya pili akafika kwenye mkwaju. "Moyo, nitue?" Tua! Akatua. Na Pimbi nyuma yake, maana mganga gani humwacha mgonjwa njiani? Anatweta na vijiguu vyake vifupi, he, he, he, anamlaani kimoyomoyo. Maharage nayo yakafanya kazi yake. Fisi akipita, brrr, ndege wote juu!

Mwezi ukaandama, ukakua, ukafa, ukaandama tena. Kokoto anakunywa maji. Fisi anakula mchicha. Shingo ikatokeza. Mbavu zikatokeza. Moyo ulipoulizwa ukawa unajibu taratibu, kama mtu anayesinzia: bado... bado...

Ndipo asubuhi moja, katika ukungu, Fisi akaruka mwamba mzima, hop! Akatua kando ya Kokoto, bila kishindo, bila kutweta.

Mungu wangu, alijisemea Pimbi, nimefanya nini? Aliyekuwa hawezi hatua tatu sasa anaweza kufika chumbani kwangu.

"Mama Kokoto," alisema Fisi akitabasamu, "nimepona."

"Naona, bwana mkubwa." Sauti ya Pimbi ilitoka nyembamba kama uzi. "Ila imebaki dozi ya mwisho. Ile uliyoiota. Uende mpaka kule mbingu inakogusa nchi, na usigeuke nyuma. Moyo ukisema tua, hapo rudi umle mwanangu. Sitakuzuia."

Fisi akacheka. "Hiyo tu? Nitarudi chai haijapoa!"

Akaenda, pasa, pasa, pasa. Pimbi akamkumbatia Kokoto, wakakaa juu ya mwamba wanasikiliza. Ukungu ukamfunika Fisi mkia, ukamfunika mgongo. Sauti yake ikarudi na upepo.

"Moyo, nitue?"

Bado.

Akapita mashamba ya mtama. "Moyo, nitue?"

Bado.

Akapita nchi nyeupe ya magadi, ambako ardhi na mbingu ni rangi moja. Sauti ikawa ndogo, nyepesi, kama ya mtoto anayeongea usingizini. Haikutaja mkia wa kondoo. Haikumtaja Kokoto.

"Mama," aliuliza Kokoto, "atarudi?"

"Moyo wake ukichoka, atarudi."

"Utachoka lini?"

Pimbi akatazama njia mpaka ilipoishia. "Tulimtibu vizuri mno, mwanangu," alisema, na machozi yakamdondoka, yeye mwenyewe hakujua anamlilia nani.

Siku hiyo kilima kizima kilikunywa maji.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeisikia akaisimulie huku anatembea.

Na funzo? Funzo ni kwamba mchicha ni hatari, wajukuu zangu, na kutembea ndiyo kabisa. Aliyekula mchicha akatembea, hadi leo hajaonekana kwao. Aliyelala juani na unene wake, yupo na mwanawe. Kwa hiyo, Mwajabu, niletee ile ngozi ya kuku.

"Bibi! Zahanati walisemaje?"

Haya, haya. Nipe fimbo yangu. Nakwenda mpaka kwenye mnara wa simu, nikifika nauuliza moyo.

"Ukisema bado?"

Kuleni tu. Msinisubiri.