Mluzi Ambao Solo Hakuusikia

Wahenga waliotuachia methali hawakuwa watu wa kuzungusha maneno. Waliposema mficha uchi hazai, hawakutaka kumtia mtu haya. Walitaka kumwambia kwamba mwenye shida akiifunika, hata mwenye dawa hatajua aitie wapi. Mwanamuziki mmoja aliijua methali hii tangu utotoni, na hata jukwaani aliwahi kuiimba, lakini kuiimba si kuifuata.

Watu walimwita Solo, kwa kuwa ndiye aliyepiga gitaa la solo katika bendi aliyoianzisha pamoja na dada yake miaka thelathini iliyopita. Dada aliimba, Solo akacharaza nyuzi. Miaka yote hiyo alisimama palepale, kando ya mpiga ngoma, matoazi yakimlilia sikioni. Sauti nyembamba zikaanza kumtoroka mojamoja kama wageni wasioaga: kwanza mluzi wa birika, kisha mlio wa simu, kisha ndege wa asubuhi. Mwishowe hata maneno ya watu yakawa yanamfikia nusunusu. Solo hakumwambia mtu. Watu walipocheka, naye alicheka, waliponyamaza, alinyamaza. Mpiga gitaa asiyesikia, alijiambia, ni mpishi asiye na ulimi, na nani atamwachia jiko?

Badala ya kulaumu masikio, akalaumu vyombo. Alikuwa na priampu nzuri sana, kile kisanduku cha vitufe kinachoipokea sauti ya gitaa ikingali changa na kuitia ladha. Lakini priampu haiwezi kusukuma spika peke yake. Huhitaji amplifaya ya kuipa nguvu, na boksi la spika la kuitoa nje. Solo alikuwa amekwisha kubadilisha amplifaya mbili na maboksi matatu, na kila mara alilalamika kwamba sauti imefunikwa blanketi. Basi alikizungusha kitufe cha makali mpaka mwisho. Yeye aliona sauti imefumbuka kidogo, huku wenzake wakihisi wanachomwa sindano masikioni. Dada yake, kwa kushindana na ukali ule, alimaliza kila onyesho koo limemkauka.

Jumatatu moja dada alimwita jikoni kwake, akamwekea chai na kumwambia waziwazi, tena kwa sauti kubwa kama alivyozoea siku hizi:

"Mdogo wangu, wenzetu wamekaa kikao. Jumamosi tunapiga kwenye mahafali. Gitaa likiwa kali vile tena, wanaleta mtu wa kinanda, wewe unapumzika."

"Napumzika? Kwenye bendi yangu?"

"Bendi yetu. Na mimi sauti inaniishia. Nitakutetea mpaka lini?"

Solo alikitazama kikombe. Bendi ile ndiyo iliyokuwa maisha yake, na bila gitaa hakujua angejiita nani. "Tatizo ni vyombo, dada," alisema. "Kesho twende kwa fundi ukaone mwenyewe."

Fundi wa spika alikuwa mama mmoja mwenye mikono myepesi na kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye paji la uso. Duka lake lilikuwa jembamba, limejaa maboksi mpaka darini, na siku hiyo wateja wawili walikuwa kwenye benchi wakingoja redio zao. Alimsikiliza Solo, akaitazama priampu, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Chombo unacho," alisema. "Sasa tukitafutie wenzake. Usinunue wati, yaani nguvu, kama unayenunua viazi, baba. Amplifaya hii inataka boksi la omu nane, kile kipimo cha ukinzani wa umeme kilichoandikwa nyuma yake. Ukiiozesha boksi lisilolingana nayo, utaiunguza. Halafu gitaa si redio. Boksi la gitaa halina twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, maana makali ya gitaa yakitoka yote yanakera."

Akaunganisha amplifaya ya wastani na boksi lenye spika moja pana. Solo akapiga. Dada alifumba macho na mabega yakamshuka, kwa maana sauti ilitoka nene na tamu kama uji wa mgonjwa aliyepata nafuu.

"Blanketi," Solo akasema.

Fundi akaleta amplifaya kubwa zaidi na boksi la spika mbili.

"Blanketi mbili. Nipe lile la kule, lenye twita."

Fundi alimtazama dada, dada akatazama sakafu. Mteja mfalme. Boksi likaletwa, nyaya zikachomekwa, na Solo akakizungusha kitufe cha makali mpaka kikagoma. Kisha akainamia gitaa lake, karibu kabisa na boksi, ili akaze uzi uliolegea.

Ghafla mluzi ukachomoka kwenye twita, mwembamba na mkali kama msumari unaokwaruza bati. Mmoja wa wale wateja aliruka kutoka kwenye benchi. Dada aliziba masikio, fundi naye akaziba lake moja huku akipapasa ukuta kutafuta waya wa umeme. Solo aliendelea kukaza uzi wake, ametulia tuli. Alipoinua kichwa na kuona kila mtu ameziba masikio, alifanya alichokizoea miaka nenda miaka rudi: akawaiga. Akaziba masikio kwa nguvu, akakunja uso, akafumba macho.

Fundi akauchomoa waya. Mluzi ukafa. Mikono ikashuka, wa kwanza, wa pili, wote. Ya Solo ikabaki juu.

Dada alimtazama ndugu yake akiziba masikio mbele ya kimya kitupu, na moyo ukamwuma kuliko ulivyowahi kumwuma. Sasa alielewa. Alimwendea, akamshika mikono, akaishusha polepole.

"Umezimika zamani, mdogo wangu."

"Nini?"

"Mluzi."

Solo aliuona waya umelala sakafuni. Akawatazama watu mmoja mmoja, akakosa wa kumwiga. Machozi yakamlengalenga.

"Sikuusikia," alisema. "Sikuusikia hata kidogo, dada. Mwaka wa sita huu."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesemaje? Kwamba solo wenu ni kiziwi?"

Fundi alikivua kioo chake akakiweka juu ya meza. "Mimi bila hiki sioni hata pa kuunganisha waya," alisema. "Ningekificha kwa kuona aibu, duka hili lingekuwa majivu. Miaka sita unatibu sikio kwa amplifaya! Ungeniambia mapema tungechagua vizuri. Haya, tuanze upya."

Akairudisha ile amplifaya ya kwanza na boksi lake la spika moja. Safari hii dada alisimama mbele ya boksi, akainua kiganja au kukishusha, na Solo akazungusha vitufe akimfuata.

"Kwangu bado ni blanketi," alinong'ona.

"Kwetu ni gitaa. Niamini."

Kiganja kilipotulia, dada alitoa rangi yake ya kucha mkobani, akatia nukta nyekundu kwenye kitufe cha makali. "Ukiivuka hii, nakukata kidole."

Jumatano walikwenda kwa mpima masikio. Aliwaeleza ukweli: kilichopotea hakirudi, ila kifaa kidogo cha sikioni kingemrudishia mazungumzo, na kilichobaki kingelindwa akikaa mbali na matoazi. Alhamisi Solo alisimama mbele ya wenzake mazoezini, akawaambia yote. Mpiga ngoma alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Kumbe! Mimi nilidhani unanidharau. Nilikwambia mama mkwe wangu amelazwa, ukacheka!"

"Nisamehe, ndugu yangu. Hajambo sasa?"

"Hajambo, na amerudi kwangu. Hapo sasa ndipo pa kucheka."

Wakaangua kicheko, kisha wakalibeba boksi lake na kulihamishia upande wa pili, mbali na matoazi.

Jumamosi mchana ukumbi wa mahafali ulijaa pomoni. Kifaa cha sikio kilikuwa hakijafika, hivyo Solo alipiga akiamini nukta nyekundu na uso wa dada yake. Dada aliimba hata zile nyimbo za sauti ya chini alizoziacha miaka mingi, na wazazi wakainuka kucheza. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, makofi yakirindima, dada alimwinamia akasema jambo.

"Sijasikia, dada," Solo akasema. "Sema tena."

"Nimesema umepiga vizuri."

"Eti?"

"Umepiga vizuri!"

"Mara ya mwisho, dada, tafadhali."

"Umesikia wewe!" dada akamsukuma bega, huku yeye mwenyewe akijifuta machozi.

Mtu wa kinanda hakuitwa. Sikio la Solo halikupona, lakini siku alipolifichua ndipo alipopata wa kumsikilizia. Ama kweli, mficha uchi hazai.