Bi Digidigi na Mzigo wa Bwana Kiboko

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Niwape, nisiwape?"
"Tupe!"
"Mizigo mmefunga?"
"Tumefunga!"
"Haya, shikeni njia nyuma yangu."

Ulikuja ukame. Bondeni nyasi ziligeuka vumbi, mto ukabaki matope. Ni mlimani tu, kwenye uwanda wa juu, kulikobaki majani mabichi na chemchemi. Na desturi ya wanyama ilikuwa hii: atakayetangulia kulala huko mpaka jua litoke, ndiye mwenye uwanda.

Bwana Kiboko akatangaza, "Nitalala mimi. Na nikishalala, hapandi mtu!"

Bi Digidigi aliposikia, moyo ulimwenda mbio, pa-pa-pa. Nyumbani alikuwa na watoto, mbavu zao zinahesabika. Kwa nguvu hamwezi Kiboko. Kwa mbio je? Mwoneni hivyo hivyo mnene, akitimka hashikiki.

"Huyu," akawaza, "sharti alemewe kwanza."

Akafunga mzigo wake: kipande cha turubai, blanketi, kisufuria kimoja, majani ya chai, kamba, na kibiriti ndani ya mfuko wa nailoni kisije kikalowa. Basi. Akaruka kuupima, tip tip tip. Mwepesi!

Akamkuta Kiboko kwenye kibanda cha Kima, muuza vitu vya safari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndicho kifurushi chako hicho? Hata siafu hubeba zaidi! Ho ho ho!"

"Sisi wadogo tunajilalia popote, mzee. Lakini mkubwa kama wewe, ulale chini?"

Kiboko akaacha kucheka. "Kitanda kile cha chuma, changu!" Akakitupia mgongoni, kwacha!

"Na hema dogo litakutosha, mzee?"

"Lile la vyumba vitatu, langu!" Kwacha!

"Na wageni wakija, watapikiwa kwa sufuria moja?"

"Zote zangu!" Kwacha-kwacha-kwangala!

Kima alichekelea tu, akifuta vumbi vitu vilivyomwozea kibandani.

Safari ikaanza. Kiboko mbele, dundu dundu. Bi Digidigi nyuma, tip tip tip. Jamani, na mzigo wote ule, Kiboko bado anaongoza! Bi Digidigi jasho likamtoka. Penye kona akasimama, akajishika kichwa.

"Ole wangu! Mawe mazuri haya ya kukandamizia hema! Upepo wa juu mkali, nami sina nguvu ya kubeba hata moja. Atakayeyapata ana bahati."

Kiboko akageuka. "Mawe yangu hayo!" Kwacha! Kwacha! Kwacha!

"Utayaweza yote, mzee?"

"Unanionaje wewe?"

Akapanda kidogo. Dundu... dun... du... puuu! Mzigo ukamkalisha chini. Mvua nayo ikaanza. Akalitandaza hema, vyuma vyake havijulikani wapi miguu wapi kichwa. Krii! Kracha! Pwaa! Likamfunika yeye na kitanda chake.

"We Digidigi! Mlango uko wapi?"

"Tafuta chumba cha tatu, mzee!"

Akampita, tip tip tip.

Huko juu akafunga kamba kati ya miamba miwili, akatandaza turubai, akawasha moto. Chai ikachemka. Mvua ikapiga turubai, tatatata, naye chini yake mkavu, amejikunyata ndani ya blanketi, anacheka peke yake. Akalala mpaka jua likamchoma pua.

Akasimama ukingoni akaita, "Uwanda ni wangu! Pandeni wote!"

Watoto wake walifika wa kwanza, wakala mpaka matumbo yakawa ngoma. Wakaja Punda Milia, wakaja Kobe na ukoo wake, ikawa vigelegele tu.

Jua la utosi, Kiboko akatokea, kitambaa cha hema kimemzonga shingoni.

"Na mimi je?" akauliza kwa sauti ndogo.

Bi Digidigi alimtazama, akasogea kumpa nafasi. "Karibu, mzee. Majani yapo."

Hadithi imefika kileleni, imetua mzigo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni.

"Na funzo lake?"

Waheshimuni wakubwa, wanangu. Mkubwa akitaka kubeba mawe, kumzuia ni utovu wa adabu.